Walipiga makofi, ila walisikia nini?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio moja dogo. Mwite mtu aliye karibu, mdogo wako au mwenzako wa chumbani. Chagua wimbo ambao una uhakika na yeye anaujua. Usiuimbe wala usiupigie mluzi. Ugonge tu kwa kidole mezani, mapigo yake kuanzia mwanzo mpaka kwenye kiitikio. Kisha muulize, huo wimbo gani?

Uwezekano mkubwa hatapata. Na wewe utakereka kidogo, maana kichwani mwako wimbo ulikuwa unalia wote, ala na sauti ya mwimbaji, halafu huyu mtu anakutazama kama vile unabisha hodi.

Mwaka 1990 Elizabeth Newton, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliufanya mchezo huu kuwa utafiti. Nyimbo 120 ziligongwa mezani. Wagongaji walibashiri kwamba wasikilizaji wangetambua nusu yake. Zilizotambuliwa zilikuwa 3. Siyo asilimia tatu, ni nyimbo tatu.

Nimeanza na meza na kidole kwa sababu mwaka juzi huo mimi na wenzangu watano tuligonga meza kwa dakika nne na nusu, kwa projekta na spika za kukodi, mbele ya umati wa watu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Na watu walipiga makofi. Hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Ilikuwa hivi. Mimi ni wa Ujiji, na wenzangu wote nyumbani kwao ni Kigoma hiihii. Wengine wanasoma mambo ya filamu, wengine biolojia, mmoja uhasibu (huyo ndiye aliyetunza pesa, na ndiye aliyeimba). Mwanzoni mwa 2024 habari iliyokuwa mdomoni mwa kila mtu ni kwamba ziwa linafungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ungesimama upande wetu, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate muda wa kuzaliana na kukua. Miezi mitatu. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni habari ya kupandisha bei ya dagaa wa Kigoma. Kwa mtu wa Kibirizi au Katonga ni ada ya shule, kodi ya chumba, na sufuria ya jioni.

Sisi tukasema, hebu tutengeneze video ya muziki ieleze kwa nini samaki wanapungua. Tulikuwa na sababu ya kuamini muziki unafaa. Mkoa huu unajua nguvu ya wimbo: mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya kama Kigoma All Stars wakatoa "Leka Dutigite", na ghafla watu nchi nzima waliokuwa hawajawahi kusikia Kiha wakawa wanalitamka lile jina. Tukawaza, kama kiitikio kinaweza kufanya hivyo, kitashindwaje kubeba habari za dagaa?

Basi tukaandika, tukarekodi, tukapiga picha. Ndani ya wimbo kulikuwa na mvuvi mmoja mwenye tamaa, nyavu za matundu madogo, makokoro, samaki wachanga wanaokufa, na mwisho ziwa tupu. Tuliona tumemaliza kazi. Kilichobaki kilikuwa kuwaonyesha watu na kusikia wanasemaje, na hicho kipande cha mwisho ndicho nataka tukizungumze hapa, kwa sababu kupata mrejesho wa kweli kutoka kwa hadhira ni kazi ya kisayansi yenye mitego yake. Sisi tuliingia karibu yote.

Mwezi ulikuwa haupo

Mtego wa kwanza ni wa aibu, hasa kwa watoto wa ziwani.

Tulionyesha video mara ya kwanza siku mbili tatu baada ya Idd, mwezi wa Aprili. Tulitaka usiku wenye giza ili picha ionekane vizuri ukutani. Watu walikuja wengi: watoto, akina mama, wanafunzi, vijana wa bodaboda. Wakacheka pa kucheka, wakapiga makofi. Tukapita na daftari tukiuliza, "Mmeionaje?" Nzuri. Nzuri sana. Hongereni wanetu.

Tulipofika nyumbani ndipo mmoja wetu akauliza, hivi wavuvi walikuwa wapi?

Wewe msomaji wa Kigoma umeshacheka. Dagaa huvuliwa usiku, na huvuliwa kwa taa. Mchana hukaa chini zaidi, mbali na macho ya samaki wanaowala kama migebuka. Jua likizama, wadudu wadogo wa majini wanaoliwa na dagaa hupanda juu, na dagaa huwafuata. Mvuvi anawasha taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, mwanga unawakusanya, wavu unainuliwa. Lakini mbinu hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa yako haina mvuto tena. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, na siku za giza kila mwenye mtumbwi yuko majini. Na Idd ya kufunga Ramadhani, kwa hesabu yake yenyewe, huja mwezi unapoandama. Tulichagua usiku ambao watu wa kwanza tuliokuwa tunawaimbia walikuwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni, wanafanya kazi tuliyokuwa tunawaimbia.

Kitaalamu hili linaitwa upendeleo wa sampuli. Kwa lugha ya nyumbani: uliowauliza sio uliotaka kuwauliza. Halionekani kwa urahisi kwa sababu uwanja ulijaa. Umati unadanganya macho. Ukiona watu wengi hudhani kuna mtu amekosekana. Mtandaoni ni hivyohivyo. Tulipopandisha toleo la kwanza kwenye YouTube, maoni yalikuja haraka, mengi kutoka kwa watu wa kwetu walioko Dar es Salaam na kwingineko, wenye bando na wenye hamu ya kuona nyumbani. "Nimekumbuka mbali." Maneno matamu. Lakini mama anayegeuza dagaa mchangani Katonga saa sita mchana hana muda wala bando la kuandika chini ya video, na ukimya wake haumaanishi amekubali.

Tukapanga kurudi wiki ya sikukuu ya Muungano, mwezi ukiwa mkubwa. Picha ukutani ilififia kidogo. Lakini wavuvi walikuwepo.

"Nzuri" ina bei gani?

Mtego wa pili tulikuwa bado hatujautoka. Wavuvi nao wakasema nzuri.

Hapa kuna utafiti ambao kila mwanafunzi anayezunguka na dodoso anapaswa kuusoma. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 450 huko Bangalore, India, baadhi yao madereva wa bajaji na wengine wanafunzi wa vyuo. Katika sehemu moja waliwaonyesha watu video mbili kwenye simu na kuwauliza ipi bora, huku mhojaji akidokeza kwamba moja ni ya kwake. Ujanja ulikuwa kwamba video zile zilikuwa sawa kabisa. Kwa ujumla, watu walielekea kuchagua ya mhojaji kwa takriban mara 2.5 zaidi. Mhojaji akiwa mgeni kutoka ng'ambo, anayehitaji mkalimani, mwelekeo ulipanda hadi mara 5.

Usiwacheke madereva wa Bangalore. Fikiria umekaa kwenye mtumbwi uliogeuzwa, wanakuja vijana sita, wamevaa fulana zinazofanana, wanakuamkia "shikamoo" vizuri, wameleta jenereta lao na mafuta yao, wamekuchekesha usiku mzima bure. Halafu mmoja anakuinamia na daftari: "Mzee, umeionaje video yetu?" Utasema mbaya? Umelelewa wapi? Adabu yetu inatudai tumpe mgeni kitu, na kama huna chai unampa neno zuri. Kwa hiyo "nzuri" yake ni ya kweli, ila ni jibu la swali jingine. Wewe umeuliza kuhusu video, yeye amejibu kuhusu wewe.

Na kuna la ziada. Usiku ule wa kwanza tulimpa mzee mmoja maarufu kipaza sauti aseme machache. Akasifu. Baada yake hakuna aliyekosoa hata mmoja, na sisi tukaandika kwamba "watazamaji wote wameridhika". Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha mwaka 2006 jaribio la muziki lenye washiriki zaidi ya 14,000. Waliwapa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine walisikiliza na kupakua bila kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika "dunia" nane, na kila mmoja aliona nyimbo zimepakuliwa mara ngapi katika dunia yake. Nyimbo zilezile, siku zilezile. Lakini kila dunia ilipata washindi wake, na wimbo mmoja ulioshika nafasi ya kwanza katika dunia moja ulikuwa wa 40 katika nyingine. Nyimbo bora kabisa hazikuanguka sana, na mbovu kabisa hazikupanda sana, lakini katikati hapo waliotangulia kuchagua ndio waliowavuta waliofuata.

Mzee wetu na kipaza sauti chake walikuwa dunia yetu. Angesema "mmh, sijaelewa", labda tungeandika kwamba wote hawakuelewa.

Acha kuuliza kama wameipenda

Dawa tuliipata kwa bahati, kutoka kwa dada wa mmoja wetu ambaye ni muuguzi. Alisema yeye akimpa mgonjwa dawa hamuulizi "umeelewa?", kwa sababu kila mtu anasema ameelewa. Anamwambia: "Haya, nieleze utazimezaje ukifika nyumbani." Hapo ndipo kila kitu kinajulikana.

Tukabadilisha. Tukakubaliana: mtu mmoja mmoja, pembeni, kabla hajazungumza na wenzake, na anayeuliza asijitambulishe kama mwenye video. Swali ni moja tu: "Kuna mtu hakuja jana. Ukikutana naye, utamwambia hii video inahusu nini?"

Majibu yalitunyamazisha.

Watoto waliimba kiitikio neno kwa neno na hawakujua kinasema nini, hilo tulilitarajia. Lakini watu wazima, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno tofauti, walisimulia kitu kile kile: "Inasema wavuvi ni wezi, ndiyo maana serikali imeamua kufunga ziwa." Kijana mmoja alisimulia vizuri kabisa huku akicheka, kisha akaongeza kwamba yule mwenye tamaa kwenye video anafanana na fulani, akamtaja jina jirani yake.

Hebu subiri hapo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu hivi ziwa lifungwe. Watu walikuwa na wasiwasi wa chakula. Na sisi tulikuwa tumeleta mwaloni video ambayo watu walipiga makofi, wakaipenda, na wakaondoka wakiwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Tungeishia kwenye "nzuri sana" tungeendelea kuisambaza.

Kidole na meza tena. Sisi kichwani tulikuwa na wimbo mzima: takwimu za uvuvi, ongezeko la watu, joto la maji, mihadhara ya miaka mitatu. Yule mvuvi mwenye tamaa kwetu alikuwa mfano mmoja tu. Mtazamaji hana hiyo mihadhara. Yeye alisikia mapigo yaliyofika mezani: mtu mbaya, wavu, ziwa tupu.

Mapungufu mengine mawili yalitoka kwa watu ambao hawajakanyaga chuo, na yote yalikuwa ya kisayansi.

La kwanza lilitoka kwa mama mmoja anayekaanga na kuanika dagaa. Aliangalia video kwenye simu yetu mara mbili, akarudisha nyuma, akauliza, "Wanangu, huyu anavua dagaa mchana?" Tulipiga ile picha saa tisa alasiri kwa sababu kamera yetu haioni gizani. Akasema, sio kwa ukali, "Basi mtu akiona hapo, hata mnayosema ya kweli ataona mmebahatisha." Nimesoma makala nyingi kuhusu uaminifu wa mtoa habari, sikumbuki iliyoliweka vizuri hivyo.

La pili lilikuwa la mvuvi mzee, na hili ndilo lililotuumiza zaidi sisi wa biolojia. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema: "Nyavu sawa. Lakini mbona upepo hamjautaja?"

Upepo. Ngoja nikueleze kwa nini alikuwa sahihi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal. Maji ya juu yana joto na ni mepesi, ya chini yamepoa kidogo na ni mazito, na tofauti hiyo inatosha kuyafanya yasichanganyike ovyo. Ukishuka mita mia moja hadi mia mbili na ushee hivi, kutegemea uko wapi, hewa ya oksijeni imekwisha. Lakini huko chini ndiko virutubisho vilikolala: kila kinachokufa juu huzama. Kinachovirudisha juu ni upepo, hasa ule wa kiangazi unaovuma kutoka kusini na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, mpaka ya chini yanapanda kujaza pengo. Virutubisho vikipanda mwani hustawi, wadudu wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu, migebuka hula dagaa, na wewe unakula wote. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ziwa limekuwa likipata joto na upepo umepungua, hivyo maji yanachanganyika kidogo zaidi. Walikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30.

Yaani makala ile tulikuwa tumeisoma! Ilikuwa kwenye laptopu yetu. Tuliiacha nje ya wimbo kwa sababu tuliona "ni ngumu kwa wananchi". Mwananchi akaja kuiulizia kwa jina la upepo.

Sio kila mrejesho ni wa kufuatwa

Sasa usije ukadhani nasema hadhira ina haki siku zote. Kulikuwa na waliotaka tuongeze wasichana wa kucheza. Mmiliki mmoja wa mitumbwi alitaka tuondoe kipande cha makokoro chote, na sababu yake ilieleweka hata bila kuuliza. Wazee wa Ujiji walitaka Kiswahili kitupu, na kwao kina haki, mji wao ni wa Kiswahili tangu enzi za misafara. Wenzetu wa vijiji vya juu wakataka Kiha. Ukifuata kila kitu unatoka na video ya saa mbili isiyo ya mtu yeyote.

Kanuni tuliyojiwekea ni ya zahanati tena. Mgonjwa akisema "naumwa hapa", mwamini, hakuna anayejua zaidi yake. Akisema "nipe sindano ya aina hii", hapo unaweza kufikiri. Waliotaka wasichana wa kucheza, tulipowauliza ni wapi hasa walitaka waingie, wote walitaja pale pale: baada ya kiitikio cha kwanza, ambapo tulikuwa tumeweka hotuba ya mtaalamu yenye sekunde 35. Na grafu ya YouTube, ile inayoonyesha watu wanaondoka dakika gani, ilikuwa na mteremko pale pale. Kumbe walikuwa wanachoshwa na hotuba, na wasichana walikuwa tu dawa waliyojipendekezea.

Ukweli mmoja zaidi, wa ndani ya kundi. Mrejesho unaweza kuharibu. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya mwaka 1996 matokeo 607 ya tafiti kuhusu mrejesho na utendaji. Kwa wastani unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka baada ya kupewa mrejesho. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unaoyavuta mawazo yako kwenye nafsi yako, mimi ni nani, nina kipaji au sina, unaondoa nguvu kwenye kazi yenyewe. Mwimbaji wetu mhasibu alisoma mtandaoni kwamba sauti yake "inakwaruza" na akakaa siku nne bila kupokea simu. Tulichofanya ni kuandika upya kila maoni kwenye karatasi, bila jina la msemaji wala la anayesemwa, kila moja likianza na muda: "Sekunde ya 52, maneno hayasikiki." Hilo unaweza kulirekebisha kwa kusogeza kipaza sauti. "Inakwaruza" hakuna kitufe chake.

Tungejuaje kama imefanya kazi?

Hapa lazima nikuletee wakubwa wa kazi hii, maana nchi yetu ina mfano unaofundishwa vyuo vya nje. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio "Twende na Wakati", kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kama una wazazi wa rika hilo waulize kuhusu Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, na mkewe Tunu. Barua za wasikilizaji zilikuja, lakini watafiti, Peter Vaughan, Everett Rogers, Arvind Singhal na wenzao wa Tanzania, hawakuridhika na barua, kwa sababu anayeandika barua ni yule aliyependa. Wakapanga jambo la ujasiri: mchezo ulisikika sehemu nyingi za nchi, lakini mtambo wa Dodoma ukarusha vipindi vingine saa ile hadi 1995. Wakalinganisha mabadiliko ya Dodoma na ya kwingineko mwaka hadi mwaka, kisha wakaufungulia mchezo Dodoma nako na kuangalia tena. Ndiyo maana walipochapisha mwaka 2000 kwamba mchezo ulichangia matumizi ya uzazi wa mpango na kupunguza idadi ya wapenzi, watu waliwaamini. Walikuwa na sehemu ya kulinganisha.

Sisi hatukuwa na Dodoma yetu. Tulichoweza ni kidogo: tulipomaliza toleo la pili tuliliomba lionekane kwanza kwenye mialo ambayo haikuona la kwanza, tukauliza swali lile lile la "utamwambia nini", kwa njia ile ile ya pembeni. Huo sio ushahidi wa kuandikia makala ya jarida. Ila ulitosha kutuambia kama tumeacha kugonga meza.

Toleo la pili lina dakika tatu. Mvuvi mwenye tamaa hayupo. Yupo mvuvi anayerudi asubuhi na mtumbwi mwepesi, anahesabu sababu kwa vidole: watu tumeongezeka, nyavu, makokoro, joto, upepo. Uvuvi tuliupiga usiku, kwa mwanga wa taa zao wenyewe, picha ina chengachenga na hakuna aliyelalamika. Hotuba imekufa. Kiitikio kina mstari mmoja wa Kiha na mmoja wa Kiswahili, na wazee wa Ujiji wamenuna kidogo. Walioulizwa sasa wengi walitaja sababu mbili au zaidi, na mmoja alituchorea ziwa mchangani kwa kijiti, akaonyesha maji yanavyopanda kusini. Alikosea upande wa upepo. Tumeandika, kuna picha ya kurekebisha hapo.

Mama wa dagaa tulimrudia kabla ya wote, tarehe za mwanzo wa Mei. Aliangalia mpaka mwisho, akakubali kwamba sasa wanavua usiku. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa kuhusu video: "Sawa, nimeelewa, samaki wapumzike. Mimi miezi mitatu hii nawalisha nini watoto?"

Tulitazamana. Hatukuwa na mstari wa kujibu hilo, na mwenye kutunga alipojaribu kuuandika tukaona tunadanganya. Tukamwomba ruhusa. Video inaisha na sauti yake akiuliza, bila ala.

Wapo wanaotuambia tuikate hiyo sehemu, eti inaacha watu hewani. Tumeiandika kwenye karatasi kama mengine: dakika ya 2 na sekunde 48, watazamaji wanabaki na swali.